Kazi ya kukata majani mtaani: vipeperushi, mlinzi wa getini, WhatsApp au Google, kipi kinaleta mteja kwa pesa ndogo?

Masika ikishika Dar es Salaam, Aprili hivi, ukoka unakua mpaka unafunika njia ya kuingilia mlangoni, na mwenye mashine ya kufyekea hana haja ya kujitangaza. Simu inaita yenyewe. Shida ya kazi hii ni Agosti: mvua hakuna, majani yamekauka, na mwenye nyumba haoni sababu ya kukuita. Basi ukitaka kuchagua njia ya kujitangaza kwa pesa ndogo, zipime zote kwa maswali mawili. Je, inakuletea mteja atakayebaki na wewe mpaka Agosti? Na je, huyo mteja anakaa karibu na yule uliye naye tayari?

Hilo la ukaribu watu wengi hulipuuza. Ukiwa na mteja mmoja Goba, mwingine Tabata na wa tatu Kigamboni, siku nzima unaimalizia kwenye foleni na pesa inaishia kwa mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Wateja watano wa mtaa mmoja kule Salasala unawamaliza kwa siku moja, mashine begani, toroli la majani linasukumwa kutoka geti hadi geti. Tuchukue mfano wa hesabu: unatoza shilingi 30,000 kwa uwanja wa nyumba ya kawaida, na mteja anakuita mara mbili kwa mwezi. Huyo ni 60,000 kila mwezi. Ukitumia 20,000 kumpata, imerudi siku ya kwanza. Lakini 20,000 hiyohiyo ikikuletea mtu wa Bunju anayetaka kufyekewa kiwanja mara moja tu ili akiuze, umefanya kazi ya nauli.

Kwa haraka, njia zenyewe zinasimama hivi:

| Njia | Pesa | Jasho | Mteja anayekuja | Wakati wake |
|---|---|---|---|---|
| Vipeperushi | ya wastani, inarudiwa | jingi | wa mtaa uliouchagua | kabla ya mvua kuanza |
| Kibao na flana | ndogo, mara moja | karibu hakuna | jirani wa mteja | kila siku ya kazi |
| Walinzi, wauza miche | unalipa kazi ikipatikana | maneno na heshima | wa kudumu | mwaka mzima |
| WhatsApp | bando | kidogo, kila siku | wa zamani na ndugu zake | kiangazi hasa |
| Google | hakuna | mwanzoni, kisha subira | mgeni anayetafuta sasa hivi | masika na vuli |
| Tangazo la kulipia | kadiri utakavyoweka | kujibu simu | wa mbali, wengi wanauliza bei tu | kazi kubwa |

Kipeperushi dhidi ya kibao

Ushauri mwingi wa biashara hii umeandikwa na watu wa Marekani na Uingereza, ambako kila nyumba ina kisanduku chake cha barua na kipeperushi kinatumbukizwa humo. Kwetu barua inakwenda sanduku la posta, na geti halina tundu la kupitishia karatasi. Ukikisukuma kipeperushi chini ya geti kinakanyagwa na gari la kwanza kutoka, na kama mvua imenyesha, kwisha. Kwa hiyo kuchapisha vipeperushi elfu moja Kariakoo na kumwaga Mbezi Beach nzima ni kuwapa kazi wafagizi.

Kipeperushi kinafanya kazi kikitolewa mkononi, na kikitolewa pale ulipofanya kazi leo. Umemaliza nyumba moja, zunguka nyumba nne za kulia, nne za kushoto na zile zinazotazamana nazo. Nusu karatasi ya A4, nyeusi na nyeupe, ya steshenari ya hapohapo mtaani inatosha kabisa. Andika kwamba leo mlikuwa mtaa huu na siku gani mtarudi, kisha namba ya simu kwa herufi kubwa. Jina la mteja usiliandike.

Bei iwekwe au isiwekwe? Wenzangu wengi wanasema usiweke, mteja apige kwanza. Mimi nasema iwekwe, walau "kuanzia shilingi kadhaa kwa uwanja mdogo". Dar kila mtu anajua kwamba fundi huangalia geti kwanza ndipo anataja bei, na mwenye geti zuri anaogopa kupiga simu kwa sababu hiyo. Bei iliyochapwa inamtoa hofu.

Kibao ni rahisi zaidi, na kama ningeambiwa nichague kimoja kati ya hivi viwili, ningechukua kibao bila kusita. Ni ubao mwepesi wa kusimamisha, wenye maneno matatu na namba moja, unaegemezwa ukutani mwa mteja wakati mashine inaunguruma na unaondoka nao ukimaliza. Mlio wa mashine ndiyo tangazo lenyewe: jirani anachungulia, anaona watu wanafyeka, anatafuta namba. Namba ikiwa pale, ameipata. Ikiwa haipo, itabidi avuke barabara aje kuuliza, na watu hawavuki. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, na hakikisha namba inasomeka kutoka kwenye gari linalopita. Flana za rangi moja zenye namba mgongoni zinafanya kazi ileile unapotembea na toroli, na zinampa mlinzi wa getini imani kwamba hawa si watu wa kuja kuchunguza nyumba.

Kibao cha kudumu kando ya barabara ni habari nyingine. Hicho kinahitaji kibali na kina ushuru wa matangazo, kaulize manispaa kabla hujakisimika. Kupigilia karatasi kwenye nguzo za umeme usithubutu. Mbali na usumbufu wake, utakuwa jirani na waganga wa nguvu za kiume.

Mlinzi, dalali au muuza miche

Hapa ndipo pesa ndogo inapozaa kuliko kwingine kote, na ndipo vijana wengi wanapoharibu kwa haraka zao. Mlinzi wa geti anajua majani ya nyumba yamefika wapi, nani alikuwa anakata, bosi anarudi saa ngapi na mama mwenye nyumba analalamikia nini. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bosi ametoka."

"Hamna neno mzee. Nimemaliza nyumba ya pili hapo, nikaona na huku ukoka umeanza kupanda ukutani. Hapa nani anawakatia?"

"Kuna kijana alikuwa anakuja. Siku hizi simwoni."

Hiyo "siku hizi simwoni" huwezi kuinunua kwa tangazo lolote. Sasa acha kipeperushi chako kwa mzee, mwambie wazi kwamba kazi ikipatikana kupitia kwake ana chochote chake, taja ni kiasi gani, na ukipata kazi mlipe siku hiyohiyo kabla hajakuuliza. Kiasi kitoke kwenye faida yako. Mlinzi akipendekeza umpandishie bosi bei ili cha juu kigawanywe, kataa kwa upole. Nyumba zinaongea, siku mwenye nyumba akigundua, mlinzi atasamehewa na wewe hutarudi tena.

Tofautisha walinzi wa aina mbili. Mlinzi aliyeajiriwa na mwenye nyumba mwenyewe anakaa miaka, huyo ni wa kujenga naye undugu. Mlinzi wa kampuni anahamishwa lindo wakati wowote, na baadhi yao hawaruhusiwi kupokea pesa ya mtu. Kwake acha namba tu, na ukipata nafasi zungumza na dada wa kazi. Dada ndiye anayeulizwa ndani, "Hivi yule aliyekata kwa jirani ni nani?"

Na kama kuna kijana wa bustani anayelala palepale? Wengi wanamwona ni mpinzani. Mimi namwona ni mlango. Yeye anamwagilia kila jioni na kufagia, lakini kufyeka robo eka kwa fyekeo kunamla siku mbili na mgongo. Ukimpendekezea kwamba wewe unakata na mashine mara mbili kwa mwezi na yeye abaki na kazi zake zote, anakuombea mwenyewe kwa bosi. Ukienda kwa bosi kumponda, utakuta mawe yamejificha kwenye majani siku utakayoleta mashine.

Dalali wa nyumba anafaa kwa jambo moja: nyumba tupu inayotaka kupangishwa. Majani marefu yanafukuza mpangaji, kwa hiyo dalali ana sababu ya kukuita. Lakini ni kazi ya mara moja, na dalali anajua kukata fungu lake kuliko wewe unavyojua kukata majani. Mpe nafasi ya tatu.

Muuza miche na maua wa pembeni ya barabara ni lulu. Mtu ananunua miche ya nyasi kwake, swali linalofuata ni "nani atanipandia?" Kazi ya kupanda uwanja mpya inalipa mara nyingi zaidi ya kazi ya kukata, na anayepandiwa leo ndiye wa kukatiwa mwaka mzima. Nunua kwake kila unapohitaji mche au samadi, hata kama kwa jirani yake ni nafuu kidogo, na yeye atakutaja. Kwa wateja wa kila mwezi, mlinzi ndiye wa kwanza. Kwa kazi kubwa, muuza miche.

WhatsApp dhidi ya Google

Hizi mbili watu huzilinganisha kana kwamba zinashindana. Kusema kweli zinakamata watu tofauti. WhatsApp inamshika mtu anayekujua, Google inamshika asiyekujua kabisa lakini anakuhitaji dakika hii.

Anza na WhatsApp Business, ile programu ya biashara iliyotoka mwaka 2018 na ni ya bure. Inakupa ukurasa wenye saa za kazi na eneo, orodha ya huduma na bei, na lebo za kupanga wateja: huyu mpya, huyu wa kila mwezi, huyu anadaiwa. Ile lebo ya mwisho utaitumia sana. Unaweza pia kutuma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu hadi 256 kwa mpigo, lakini unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Hapo ndipo wengi wanakwama; wanatuma, hakuna anayepata, wanadhani watu hawataki.

Dawa yake ni picha. Ukimaliza kazi, piga picha ya uwanja uliokatwa mistari ikiwa imenyooka, mtumie mwenyewe: "Mama, kazi imekamilika, uwanja wako huu hapa. Naomba uhifadhi namba hii, nitakukumbusha baada ya wiki mbili." Anahifadhi, na mara nyingi anaisambaza picha kwa dada yake. Picha za kabla na baada ziweke kwenye status, ambayo inakaa saa 24, moja kwa siku inatosha. Kabla ya kuiweka hadharani omba ruhusa, na angalia namba ya gari na namba ya nyumba zisionekane. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mteja ana haki ya kukuambia acha kunitumia matangazo. Akisema, mfute kwenye orodha siku hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, achana na wanaouza orodha za namba za simu za kutumia meseji za jumla.

Makundi ya majirani, yale yaliyoanzishwa kwa ajili ya ulinzi shirikishi au shida ya maji, yana nguvu kuliko status, ila si ya kwako. Ukijipenyeza na kumwaga tangazo, msimamizi anakutoa na jina limeharibika. Subiri mtu aulize, "Jamani nani ana mkata majani mzuri?" na mteja wako akujibie. Kinachoweza kukusaidia ni mteja kuwa na namba yako karibu, imehifadhiwa kwa jina linaloeleweka. Ndiyo maana jina la biashara liwe na neno "majani" au "bustani" ndani yake.

Google inataka subira. Unafungua ukurasa wa biashara bure. Kama huna ofisi unaficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia. Uthibitisho mara nyingi ni wa video: unaonyesha vifaa na mahali unapofanyia kazi. Google wenyewe wanasema matokeo ya karibu nawe hupangwa kwa mambo matatu, yaani jinsi biashara inavyoendana na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali huwezi kuubadilisha. Umaarufu unajengwa kwa maoni ya wateja, na hapa omba kila mteja anayeridhika aandike mistari miwili kwa maneno yake. Usimlipe wala kumpa punguzo kwa ajili ya hilo, ni kinyume cha masharti yao na ukurasa unaweza kuadhibiwa.

Nani anatafuta mkata majani Google? Si mzee wa Kimara, yeye atamuuliza mjumbe. Ni mgeni aliyehamia wiki hii, msimamizi wa ofisi au shule, na Mtanzania aliye London au Muscat mwenye nyumba Tegeta ambayo kaka yake anasema anaitunza. Huyu wa ughaibuni ni mteja wa thamani kuliko anavyoonekana. Analipa kwa mwezi, habishani sana, hahitaji kuwepo getini. Anataka ushahidi tu. Mtumie video ya kuzunguka nyumba kila baada ya kazi, ikiwa na ukuta wote, hata ule wa nyuma. Akiona ufa au bomba linavuja kupitia video yako, hatakuacha.

Uamuzi wangu: WhatsApp ndiyo ya kila siku, lakini Google ifungue wiki hiyohiyo, kwa sababu itachukua miezi kabla haijaanza kukulipa.

Tangazo la kulipia Facebook na Instagram

Nitakuwa mfupi. Kwa kazi ya kukata majani ya kawaida, sishauri. Unaweza kuchagua eneo dogo kwenye ramani na kuelekeza watu wabonyeze waje WhatsApp, na utahitaji kadi ya kulipia mtandaoni. Simu zitakuja, nyingi zikiwa na neno moja: "Bei?" Kila moja inataka jibu ndani ya dakika chache, na wewe muda huo una mashine begani na vizibo masikioni. Ukijibu jioni, ameshapata mwingine, na pesa ya tangazo imekatwa. Litumie ukiwa na mtu wa kushika simu, na kwa kazi kubwa tu: kupanda nyasi mpya, kutengeneza bustani ya nyumba iliyomalizika kujengwa. Hapo kazi moja inafidia wiki nzima ya tangazo.

Punguzo lipi lisilokuumiza

Punguzo la mara ya kwanza linawavuta wanaohama kila wiki kufuata bei. Zawadi kwa mteja aliyeleta rafiki ni bora, lakini rafiki anaweza kuwa Mbagala na wewe uko Tegeta. Ninaloliamini ni bei ya majirani: nyumba tatu za mtaa mmoja zikikubali siku moja, kila moja inapungua. Turudi kwenye mfano wetu. Kirikuu kinakugharimu 10,000 kwa safari. Nyumba tatu kwa siku tatu ni 30,000 za usafiri. Kwa siku moja ni 10,000. Ukimpunguzia kila mmoja 3,000 umetoa 9,000 na kuokoa 20,000, bila kuhesabu petroli na muda. Zaidi ya hapo, mteja wako anageuka mpiga debe, kwa sababu na yeye anafaidika jirani akikubali.

La pili ni bei ya mwezi isiyobadilika. Aprili unakuja kila wiki, Agosti unakuja mara moja, lakini analipa kilekile kila mwezi. Huo mwezi wa ukame usiende kukaa; punguza ua wa michongoma, pogoa matawi yanayogusa nyaya, weka samadi, safisha mifereji kabla vuli haijaingia Oktoba. Mwenye nyumba anapenda kujua atatoa kiasi gani, na wewe unapenda kula Agosti.

Kwa hali yako

Ukiwa na fyekeo, reki na miguu yako tu, usichapishe kitu. Chagua mtaa mmoja, salimia walinzi wake wote, tengeneza kibao, weka WhatsApp sawa. Pesa itakayopatikana iende kwenye mashine kabla ya kwenda kwenye tangazo lolote.

Ukiwa na mashine moja na msaidizi, ongeza flana, vipeperushi vya kuzunguka nyumba uliyofanyia kazi, ukurasa wa Google, na undugu na muuza miche mmoja. Hapa usitanuke mtaa wa tatu kabla wa kwanza haujakupa siku nzima ya kazi.

Wenye timu na kirikuu chao wanaweza kujaribu tangazo la kulipia kwa ajili ya bustani mpya, na kupeleka barua za huduma kwa shule, zahanati na nyumba za ibada za eneo lao. Taasisi hizo hulipa kwa kuchelewa, na nyingi zitataka TIN, leseni na risiti, kwa hiyo karatasi ziwe tayari kabla ya kubisha hodi.

Kwa vyovyote vile, kila anayepiga simu muulize, "Samahani, namba yangu umeipata wapi?" Andika jibu kwenye daftari kando ya jina na mtaa wake. Fanya hivyo Februari na Machi, kabla mvua haijachanganya hesabu, maana Aprili kila njia itaonekana inafanya kazi.